Mama mkwe anasema sindano ndizo zilizomletea mtoto malaria

BARUA

Hujambo mshauri?

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, binti, ambaye Jumatatu ijayo anatimiza wiki 14. Nilizaliwa na kukulia Nakuru, nikaolewa Kisumu, na sasa tunaishi Manyatta. Mume wangu anafanya kazi Athi River. Huja mwisho wa mwezi, na mwezi mwingine haji. Ninayeshinda naye nyumbani ni mama yake, aliyekuja kutoka Siaya nilipojifungua ili anisaidie. Hapa sote tunamwita Dani. Yeye huniita Nyar Nakuru, binti wa Nakuru, na siku tukipatana jina hilo huwa tamu masikioni. Siku hizi si tamu.

Mtoto alipodungwa zile za wiki 6 hakukuwa na neno. Alipata joto usiku mmoja, nikamnyonyesha, kulipokucha amepoa. Kwa hiyo Jumatatu ya wiki ya 10 nilienda kliniki bila wasiwasi. Akapata sindano mbili, moja kila paja, na matone ya mdomoni. Nesi alinieleza vizuri kabisa: anaweza kuwa na homa siku moja au mbili, akiwa moto nimpe paracetamol ya maji mililita 2.5, nimnyonyeshe mara kwa mara, na nikiona haeleweki nirudi. Hilo la mwisho nilikuja kulikumbuka baadaye.

Jioni hiyo mwili ukawaka. Nikampa dawa. Dani akamvika kofia, soksi na blanketi mbili, akisema mtoto mwenye homa anasikia baridi. Nikazitoa. Akazirudisha. Nikampigia mama yangu Nakuru, akaniambia, "Tulia, homa ya sindano ni siku mbili, mpanguse na kitambaa cha maji baridi." Nikampangusa, mtoto akatetemeka na kulia mpaka jirani akagonga ukuta. Jumanne mchana akapoa kidogo, nikaona tumeshinda. Jumanne usiku joto likarudi, kali kuliko la kwanza.

Jumatano asubuhi Dani alimgusa mtoto shingoni kwa mgongo wa mkono, akanyamaza, kisha akasema, "Hii si ya sindano tena." Mshauri, nilimjibu vibaya. Nilimwambia nesi amesoma, na nesi amesema siku mbili. Dani akatoka, akarudi na majani, akachemsha manyasi, dawa ya miti shamba. Alimwogesha mtoto nayo, na nilipokuwa bafuni akamnywesha vijiko viwili. Alisema kuna mwanamke aliyemtazama mtoto kwa jicho baya ndani ya matatu siku tuliyotoka kliniki. Tukagombana. Na katika kugombana huko hakuna kati yetu aliyeona kwamba mtoto ameacha kunyonya. Mimi niligundua jioni kwa sababu matiti yalikuwa yamejaa mpaka yanauma.

Alhamisi alfajiri nikapanda boda hadi hospitali. Joto lilikuwa nyuzi 39.2. Wakampima damu, wakakuta malaria. Alilazwa siku mbili akidungwa dawa, kisha tukapewa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vya kumalizia nyumbani. Sasa ni mzima, ananyonya, na mizani ya kliniki inasema ameongeza.

Ila nyumba haijapona. Dani anasema sindano ndizo zilizouchosha mwili wa mtoto zikaifungulia malaria mlango. Anasema yeye amelea sita na hawakudungwa sindano nyingi namna hii. Nilipompigia mume wangu alisema, "Hiyo ya wiki 14 tuisubirishe kwanza. Mama amelea." Nikajua wamekwisha kuzungumza kabla sijapiga. Mimi najua chanjo ni nzuri, lakini nikifumba macho naona usiku ule. Wakati mwingine sijui kama ninayemwogopa ni Dani au ni sindano yenyewe.

Nimefikiria hivi. Jumatatu Dani huenda kwenye chama chake Kondele kuanzia saa nne. Nimpeleke mtoto wakati huo. Nimpe dawa ya homa kabla hata ya kutoka nyumbani ili joto lisije kabisa, na jioni asiwepo atakayejua. Kumwambia naogopa. Nauza mitumba Kibuye, nimeanza kurudi sokoni siku tatu kwa wiki, na mtoto hubaki naye. Akikasirika akarudi Siaya sina wa kumwachia mtoto, na bila soko hakuna kodi ya nyumba.

Kitu kingine. Hospitalini waliniuliza kuhusu neti, nikaona haya. Ile niliyopewa kliniki nikiwa na mimba iko kabatini. Tunalala watatu kitanda kimoja, na Dani anasema neti inamziba pumzi.

Nifanye kwa siri? Au nisubiri mtoto apate nguvu? Na ni mimi niliyemchelewesha?

Nyar Nakuru, Kisumu


JIBU

Nyar Nakuru, pole. Pole kwa usiku ule, na pole kwa wiki hizi tatu za kupishana na mtu jikoni bila salamu ya maana. Na ahsante kwa kuandika hadi sehemu ya neti, maana wengi wangeiruka. Nitairudia.

Barua yako imefunga mambo matatu kwenye kanga moja. Kuna swali la mwili: je, sindano ilileta malaria? Kuna swali la nyumba: nani ana neno juu ya mtoto huyu? Na kuna lile uliloliweka mwishoni kabisa kana kwamba ni dogo: ni mimi niliyemchelewesha? La kwanza lina jibu. La pili jibu lake mnalo ninyi. La tatu ndilo lililonifanya niisome barua yako mara mbili.

Tuanze na malaria. Mbu akimuuma mtu, homa haiji siku ile. Vimelea huenda kwanza kwenye ini, huzaliana kimya kimya, na ni baada ya takriban wiki moja kwa uchache ndipo hutoka na kuingia kwenye damu na kuwasha moto. Mara nyingi huchukua muda zaidi ya huo. Sasa hesabu nami. Mtoto alidungwa Jumatatu, na Alhamisi ya wiki hiyo hiyo akakutwa na malaria. Mbu aliyemwambukiza alimuuma kabla hujapanga foleni kliniki, pengine siku ambayo wewe na Dani mlikuwa bado mnacheka pamoja. Sindano ilikuta mgeni ameshaingia ndani na kufunga mlango.

Homa ya Jumatatu jioni, kwa upande wake, inaelekea ilikuwa ya sindano kweli. Mojawapo ya zile sindano mbili hukinga magonjwa matano kwa pamoja: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na bakteria ya Hib inayoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Sehemu ya kifaduro katika chanjo tunayotumia Kenya ndiyo huwapa watoto wengi joto. Mwili unaonyeshwa sura ya adui, nao unachachamaa. Joto hilo kwa kawaida huja siku ile ile au usiku wake, na huwa limeondoka ndani ya siku mbili. Lina saa zake. Kwa hiyo ninavyoona, mtoto wako alikuwa na homa mbili zilizopokezana vijiti: ya sindano ikashuka Jumanne mchana, ya malaria ikapanda Jumanne usiku. Hata mtu aliyesoma angeweza kudanganyika hapo.

Sasa nikuulize jambo. Umeandika kwamba Dani alisema, "Hii si ya sindano tena." Rudia neno la mwisho. Tena. Mtu anayesema "si ya sindano tena" amekubali kwamba mwanzoni ilikuwa ya sindano. Jumatatu hakulalamika, Jumanne hakulalamika. Huyo hakuwa adui wa chanjo, dada yangu. Alikuwa mwanamke wa Siaya aliyewahi kuona homa nyingi za ukanda wa ziwa, na mkono wake ulimwambia kwamba hii imebadilika. Alikuwa sahihi. Alipokosea ni katika dawa na katika yule mwanamke wa matatu.

Nawe ulikuwa sahihi kumwamini nesi, ila ulimnukuu nusu. Nesi alisema siku mbili, akaongeza kwamba ukiona haeleweki urudi. Na mama yako naye alikushauri kwa hewa ya Nakuru. Kule juu baridi hupunguza mbu wa malaria, kwa hiyo mtoto aliyedungwa jana akiwa moto leo, mtu husema ni sindano na kulala. Kisumu homa huwa na washukiwa wawili wakati wote. Hakuna aliyekuambia hivyo ulipoolewa. Watu hukufundisha kupika samaki na kusalimu wazee, hilo wakalisahau.

Upinzani wa Dani dhidi ya sindano, ukiutazama tarehe zake, ulizaliwa baada ya ugomvi. Huenda ni imani yake kweli. Huenda pia ni namna ya kusema, "Niliona, na hukunisikiliza." Siwezi kujua kutoka hapa nilipo, wewe unaweza kujua kwa kumuuliza. Je, kuna aliyewahi kumwambia, tangu mtoto atoke hospitali, kwamba Jumatano asubuhi aliona sawa?

Tuje kwenye mpango wako wa chama cha Kondele. Sikulaumu kwa kuufikiria. Una mtoto wa kulinda na soko la kulinda, na siri inaonekana rahisi kuliko mazungumzo. Hofu yangu haihusu heshima ya mama mkwe wala nini. Inahusu saa. Wiki ya 14 kuna sindano tatu, kwa kuwa inaongezwa ya polio, pamoja na matone. Kuna uwezekano mzuri kwamba Jumatatu usiku mtoto atapata joto. Dani atamshika, atakuta moto, na hatajua umeanza lini wala kwa nini. Atafanya anachojua: blanketi, manyasi, labda na dawa ya maji kutoka chupa nyingine wakati wewe umeshampa. Na Jumanne ukiwa sokoni, mtu pekee aliye na mtoto ndiye mtu pekee asiyejua alidungwa. Kilichowaponza mara ya kwanza ni kutojua homa hii ni ya lini. Siri inakurudisha pale pale, sasa kwa kusudi. Zaidi ya hayo paja la mtoto huvimba kidogo na kuuma likishikwa, na Dani ndiye anayemwogesha.

Wazo la kumpa dawa kabla ya kutoka nyumbani nalifahamu, akina mama wengi hulifanya. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa Jamhuri ya Cheki, ambapo watoto waliopewa paracetamol ya kuzuia homa kabla haijaja walipata homa kidogo kweli, lakini kinga iliyojengeka dhidi ya baadhi ya magonjwa ikawa pungufu kuliko ya wenzao. Ndiyo maana ushauri wa kawaida kwa sindano hizi zetu ni kusubiri: joto likija na mtoto akiwa hana raha, mpe. (Ukisikia ndugu aliye Uingereza akisema kule hupewa mapema, ni kweli, lakini ni kwa sababu ya chanjo nyingine ya homa ya uti wa mgongo ambayo haimo kwenye ratiba yetu.) Kwako kuna sababu ya pili. Dawa ikitangulia, inaficha joto, na wewe unayeishi Manyatta unahitaji kuliona.

Kiasi chake hufuata kilo, si umri: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto. Chupa nyingi za watoto zina miligramu 120 katika kila mililita 5, kwa hiyo zile mililita 2.5 ulizoambiwa ni miligramu 60, zinazomtosha mtoto wa kilo 5 na kidogo. Kuna chupa ndogo za matone ambazo dawa yake ni nzito zaidi, na hapo ndipo watu huumiza watoto bila kujua; soma lebo kila mara. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya nyumbani havilingani. Yapite masaa 4 hadi 6 kati ya dozi na dozi, na zisizidi 4 kwa siku nzima. Mwombe nesi apime uzito Jumatatu na akuandikie kiasi kwenye kitabu cha kliniki. Kisha bandika karatasi ukutani, kila anayempa dawa aandike saa. Karatasi hiyo haina mama mkwe wala mkaza mwana. Na asipewe aspirini kamwe.

Maji baridi acha. Yalimtetemesha, na kutetemeka huongeza joto. Blanketi mbili nazo huzuia joto kutoka. Nguo moja nyepesi inatosha, na titi kila anapotaka. Hapo wewe na Dani mlikuwa mmekosea kila mmoja kwa upande wake, mkivutana huyu kwenye jokofu na huyu kwenye tanuri, Mungu awasamehe.

Kuhusu kusubiri mpaka apate nguvu: mtoto aliyepona malaria na ananyonya na kuongeza uzito anaweza kudungwa. Ukichelewa, sindano za nyuma haziharibiki na hamtaanza upya, kwa hiyo ikitokea mmekosa Jumatatu dunia haijaanguka. Lakini kila wiki ya kusubiri ni wiki ambayo kinga yake haijakamilika, na kifaduro huwaua zaidi watoto wa umri wake kuliko wakubwa. Mume wako akisema "tuisubirishe", muulize kwa upole tunasubiri nini, na mpaka lini. Naona kama alichotafuta ni amani ya simu. Mtu aliye Athi River hana njia ya kushika shingo ya mtoto. Mpigie tena, ila safari hii usianze na mama yake. Anza na ile hesabu ya mbu.

Kuna njia nyingine ambayo hukuitaja: kwenda na Dani kliniki. Sijui kama atakubali. Hatari yake ni kwamba anaweza kukutana na nesi aliyechoka akamjibu kwa mkato mbele ya watu, na hapo umeharibu zaidi. Ukiichagua, nenda mapema kabla foleni haijawa ndefu, na wewe ndiye uzungumze kwanza: mweleze nesi kila kilichotokea baada ya wiki ya 10, siku kwa siku, na useme wazi kwamba bibi ndiye aliyetambua homa imebadilika. Nesi anahitaji kuyajua hayo hata hivyo. Atakuuliza kama mtoto alipata degedege, kama alilia bila kunyamaza kwa masaa matatu au zaidi, kama alivimba uso au kupumua kwa shida mara tu baada ya sindano. Kwa barua yako sioni lolote kati ya hayo, lakini yeye ndiye wa kuuliza. Dani akiyasikia maswali hayo atajua kwamba hata wenye sindano huzichunguza sindano zao.

Unaweza pia kumweleza jambo ambalo huenda linamhusu kuliko unavyodhani. Kuna sindano ya malaria yenyewe sasa. Majaribio yake makubwa hapa nchini yalifanyika Kilifi, Kombewa hapo Kisumu, na Siaya kwao. Mwaka 2019 ilianza kutolewa Kenya, Homa Bay ikitangulia, na katika kaunti za ziwani watoto huanza kuipata wakiwa na miezi 6. Uliza kituo chenu. Bibi anayeichukia malaria kiasi hicho ana haki ya kujua.

Manyasi sitayafanyia vita nawe usiyafanyie vita. Kuoga ni jambo moja, kunywa ni jingine. Mtoto wa chini ya miezi 6 tumbo lake ni la maziwa ya mama tu, hata maji matupu hayahitaji, na majani yaliyochemshwa hayana kipimo. Ukimkubalia Dani la kuoga, maji yakiwa ya uvuguvugu, huenda akakubali la kutomnywesha. Huenda asikubali. Ila utakuwa umemwomba kitu kimoja badala ya vyote.

Unalopaswa kukubaliana naye kabla ya homa, mchana, mkiwa mmekaa, ni lini mtaondoka nyumbani. Kisumu homa ya mtoto inapaswa kupimwa damu ndani ya siku moja. Usiku wa sindano unaweza kuutazama nyumbani iwapo ananyonya na yuko macho, lakini joto likiwa bado lipo jioni ya kesho yake, au likiondoka kisha likarudi, ni safari. Nunua kipimajoto cha kwapani, 37.5 na kwenda juu ni homa, mkono hauna namba ya kumwonyesha daktari. Na kuna mambo ambayo hayangoji saa yoyote, hata kama ametoka kudungwa asubuhi: akikataa titi, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamka, akipumua kwa haraka au kwa shida. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu anaweza kuwapimia joto na kuwaambia pa kwenda, hasa siku ukiwa Kibuye. Hakikisha Dani ana namba yake, pamoja na ya mwendesha boda mnayemwamini, na nauli iliyokunjwa mahali ambapo nyote mnapajua.

Sasa swali lako la mwisho. Sitakudanganya: Jumatano ilipotea. Ilipotezwa na watu wawili wanaompenda mtoto mmoja, waliotazamana wao kwa wao kwa siku nzima. Lakini Jumatano hiyo hiyo matiti yako yalikuambia kilichokuwa kimewapita wote wawili, na Alhamisi kabla ya jua ulikuwa juu ya boda. Hukungoja ruhusa ya Athi River wala ya Nakuru. Yule aliyepanda boda alfajiri ile ndiye anayeniuliza kama awe na hofu ya kusema na mama mkwe wake.

Nawe umeuliza kama unamwogopa Dani au sindano. Nakusoma na naona kitu cha tatu: unauogopa usiku. Unaogopa kukaa tena na mtoto mwenye joto usijue ni joto gani. Hofu hiyo ni ya haki, na haiishi kwa kuambiwa usiogope. Hupungua kidogo ukiwa na kipimajoto, karatasi ukutani, na mtu wa pili ndani ya nyumba anayejua saa ya sindano kama wewe. Kama mtu huyo atakuwa Dani, au jirani aliyegonga ukuta, au mwingine, wewe ndiye unayeijua nyumba yako. Jumatatu ikipita niandikie, hata kama hukwenda.

Na neti. Kama shida ni pumzi, itundikeni juu zaidi, ipanuliwe kwa kamba za pembe nne ili isimguse Dani usoni. Au Dani alale peke yake, nawe na mtoto muwe ndani ya neti. Ikishindikana yote, mkunjie mtoto peke yake kwenye kona ya kitanda. Itoe kabatini leo, ianike kivulini siku moja kwa kuwa mpya huwasha ngozi, na kesho kabla ya magharibi iwe juu.